Mama Katika Pori la Wahindi

Tangu nirudi Kasongo, siwezi kukunjua kitenge kimoja dukani bila mtu kuvuta kiti na kuniuliza: "Mama Salima, ebu tuambie, kule India muliona nini?" Nikianza kueleza, mteja anaingia, habari inakatika, na yule aliyesikia nusu anaenda kuitangaza kama nzima. Wiki iliyopita nilisikia sokoni kwamba mama yangu amewekewa moyo wa Mhindi. Si kweli. Moyo ni wake uleule, waliushona tu. Kwa hiyo nimeona heri niandike, kituo kwa kituo, msome wenyewe. Mambo ya karatasi na tiketi nayaacha. Kaka yangu wa Salamabila ndiye aliyehangaika nayo. Ninayoyaandika ni yaliyotupata mimi na mama, na msinilaumu mkiona sehemu nyingine hazieleweki. Hata mimi niliyekuwapo sijazielewa.

Kabambare hadi Kasongo

Mama anakaa Kabambare, na shamba lake la muhogo na karanga liko upande wa njia ya Wamaza. Mwaka ule alikuwa hawezi tena kufika shambani. Akitembea hatua ishirini anakaa chini, na miguu yake ilikuwa imevimba kama imejazwa maji. Nilimfuata kwa pikipiki mbili. Ya kurudi, mimi nilipanda moja, na yeye akapanda ya Asumani, mwanamume wa makamo anayejulikana kwa kuendesha taratibu. Tulimfunga mama kiunoni mwa Asumani kwa kitenge, asije akaanguka akizimia.

"Mimi nilibeba watoto saba mugongoni," alisema mama, "na leo mimi njo nabebwa mugongo ya mutoto wa watu."

"Mama, mimi niko na wajukuu," alijibu Asumani.

"Hata kama."

Kabla ya nusu ya njia tulikuta daraja limevunjika. Gari la mapipa ya mawese lilikuwa limelala mtoni, magurudumu juu, na watu wa kijiji walikuwa wanakata miti ya kutengeneza daraja jingine. Tulingoja siku mbili. Mwanamke mmoja alitupokea nyumbani kwake akatupa bugali, matembele na samaki wa moshi. Lakini niliona sahani ya mama anaiosha peke yake na kuianika mbali. Nikamwambia ugonjwa wenyewe hauambukizi, ni moyo tu.

"Wanaenda kuutengeneza namna gani?" aliuliza.

"Wanafungua kifua, wanaushona."

Alimtazama mama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na wakati moyo iko wazi, roho inakaa wapi?"

Mama alikuwa amesikia. Siku ya tatu, wanaume wanne walimvusha kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, juu ya magogo mapya yaliyokuwa yanateleza, na sisi tukasukuma pikipiki nyuma. Katikati ya mto, juu ya mabega ya watu, mama aligeuka akanipigia kelele kwa jina langu: "Zaina! Ile swali ya yule mama, utaiuliza kwa daktari!"

Kutoka Kasongo kwenda juu

Kasongo tulikaa siku nne. Mume wangu alimsomea mama dua, na mama alishika rozari yake wakati dua inasomwa, akaitikia amina mahali pote. Alikula wali na samaki wa Lualaba. Nakumbuka alikula vizuri, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Njia ya Kindu mnaijua, sina la kuongeza. Tulisukuma gari zaidi ya lilivyotubeba. Baada ya hapo ni ndege, na ndege haina habari: unakaa, unapewa chakula kisicho na chumvi, unashuka.

Ila pale tulipobadilisha ndege, katika uwanja mkubwa kama mji, tulifika kwenye ngazi inayopanda yenyewe. Mama alisimama. Nilimwonyesha watu wanavyokanyaga na kupelekwa juu. Alitazama kwa makini kabisa, akavuta kitenge chake, akakaa sakafuni kando ya ngazi.

"Mama, ndege itatuacha."

"Ngojea ichoke."

Tulikaa pale nusu saa tukingoja ngazi ichoke. Mwishowe akaja kijana wa uwanja na kiti cha magurudumu. Hakusema neno. Alimwonyesha mama akae, akamsukuma kwa haraka akapita mlango ambao mimi sikuruhusiwa kupita. Mama alidhani amekamatwa. Nilimsikia anaita jina langu ndani ya ukuta. Nilikimbia kwenye korido kama kichaa, nikauliza kwa Kifaransa, nikajibiwa kwa lugha nisiyoijua. Nilipofika mlango wa ndege nilimkuta amekwisha keti ndani, amefungwa mkanda, ananywa maji ya machungwa. Aliniuliza kwa hasira nilikuwa wapi.

Hospitali

Mji wa hospitali ulikuwa kusini mwa India, karibu na bahari. Kila mtu alitupokea vizuri, na sikuelewa mtu. Kiingereza changu ni cha dukani: najua kuhesabu, najua kusema "nzuri" na "kesho". Swali la roho nililiuliza kwa Kifaransa, mfasiri wa hospitali akalipeleka kwa daktari. Daktari alijibu kwamba mashine ndiyo itakayofanya kazi ya moyo kwa saa tatu. Nilimwambia mama. Alisema, "Basi roho itakaa mashinini," akatulia. Mimi ndiye niliyebaki na wasiwasi.

Siku ya kupasuliwa, nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Kulikuwa na mwanamke mmoja anapiga deki, mwembamba, nywele zimepakwa mafuta na kusukwa mkia mmoja. Alikuwa amepita mbele yangu mara kadhaa na kila mara alitabasamu. Mchana ulipopita, nesi alitoka kwenye chumba cha upasuaji. Niliruka. Nikamshika mkono, nikamwuliza kwa Kiingereza changu: "Mama nzuri?"

Nesi alinitazama kwa upole, akatikisa kichwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kisha akaenda zake.

Ninyi mngeelewaje? Nilielewa kama mtu wa Kabambare. Nilikaa chini, nikafungua kilemba, nikalia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, nikimwita mama kwa majina yake yote na majina ya baba yake. Watu walitoka vyumbani. Yule mwanamke wa deki aliacha ndoo yake, akakaa sakafuni kando yangu, akanikumbatia, akaanza kulia pia. Hakujua nalilia nini. Alilia tu, kwa machozi kweli, na mimi nilivyomwona analia nikawa na hakika: mama amekufa.

Yule nesi alirudi anakimbia. Waliita mfasiri. Mfasiri alihema akaniambia mama yuko salama, amelala, upasuaji umekwenda vizuri. "Sasa kwa nini alitikisa kichwa?" niliuliza. Ndipo nilipoambiwa kwamba kwao kichwa kikiyumba namna ile, maana yake ni ndiyo, sawa, hakuna shida.

Yule mwanamke alipofasiriwa habari yote, alicheka huku bado anafuta machozi. Jina lake ni Lila. Tangu siku ile alikuwa anakuja chumbani kwetu kila zamu yake ikiisha. Mimi aliniita "chechi". Kwetu cheche ni mnyama mdogo anayeiba kuku, na nilivumilia wiki nzima kabla ya kuambiwa kwamba kwao ni dada mkubwa. Na mama yangu, Lila alimwita "amma", na hilo halikuhitaji mfasiri.

Moyo ulipona, lakini mama aliacha kula. Chakula chote kilikuwa na pilipili na majani asiyoyajua. Alikuwa anasukuma sahani na kugeukia ukutani. Madaktari walisema tusipande ndege kabla ya wiki nyingine tatu. Walisema pia kwamba asipokula hatakuwa na nguvu, na kidonda hakitafunga. Nilimwona anapungua kila siku, mifupa ya shingo inatokeza, na nilifikiri: tumevuka yote haya, na njaa ndiyo itamwua, mezani kukiwa na chakula.

Lila aliona. Siku moja alikuja na binti yake, Sindu, mwalimu wa shule ya watoto, anayejua Kiingereza cha polepole, cha mikono na cha kuchora, hata mimi nikaweza kukifuata. Sindu alisema: "Mama yangu anataka mje kwetu. Kuna hewa. Kuna muhogo." Neno muhogo alilichora kwenye karatasi, mzizi na majani yake. Mama alitazama ile picha kwa muda mrefu. Daktari alitikisa kichwa kushoto na kulia, na safari hii nilishukuru Mungu.

Basi la kupanda milima

Basi halikuwa na vioo. Lilipanda milima kwa kona ambazo dereva alizipiga kwa mkono mmoja. Mama alikaa dirishani amekumbatia mto kifuani, kama alivyoagizwa, ili mshono usitikisike. Nilitegemea ataogopa. Badala yake alianza kutaja vitu, kama mtoto anayesoma.

"Mupapai. Migomba. Ile ni mianzi. Nanasi. Zaina, nanasi! Iko muhogo. Iko muhogo tena." Kisha akaniangalia kwa mashaka. "Una hakika tulipanda ndege?"

Kwa Lila ni nyumba ya vigae pembeni mwa pori. Nyuma ya nyumba kuna migomba, minazi, mipilipili-manga inayopanda juu ya miti mingine, na shamba dogo la muhogo. Baada ya shamba kuna mtaro mrefu, na ng'ambo ya mtaro ni hifadhi ya wanyama ya serikali. Mume wa Lila, mzee mpole anayeitwa Kutan, alituonyesha mtaro kwa mkono akasema neno moja mara tatu. Sindu hakuwapo kutufasiria. Mama alitikisa kichwa kwa kukubali, mimi nikatikisa, naye akaridhika kwamba tumeelewa.

Siku hiyohiyo Lila alichemsha muhogo akauleta na samaki. Mama alikula vipande viwili, akauliza: "Na sombe iko wapi?"

Nilimwuliza Sindu aliporudi kutoka kazini: majani ya muhogo, ambayo kwetu ndiyo sombe, mnayafanyaje? Alisema wanayatupa. Mama alitoka nje akaona kweli: rundo la majani laini ya muhogo limetupwa kando ya njia, linaanza kunyauka. Alishika kichwa kama mtu aliyekuta msiba. Akakaa chini palepale akaanza kuchambua.

Lila alipoelewa anachotaka kufanya alimshika mikono. Kutan alikuja. Sindu alisema kwa haraka, na mimi nikamfasiria mama: "Wanasema ni sumu. Wanasema mbuzi akikula hii, anakufa."

"Waambie," alisema mama, "mbuzi hajui kupika."

Walimpa kinu. Alikuwa haruhusiwi kuinua mchi, hivyo nilitwanga mimi huku yeye anasimamia na kunitukana kwamba mji umenilegeza mikono. Tulichemsha mpaka maji ya kwanza yakaisha na ya pili pia. Mawese hayakuwapo, tukatia tui la nazi na dagaa wao. Wakati mama ameketi kula, majirani walikuwa wamekwisha jaa uani. Nahesabu walikuwa kumi na zaidi, wamesimama kimya, kama watu wanaomtazama aliyepanda juu ya paa. Kutan alikuwa ameshika simu mkononi tayari kumpigia mtu.

Mama alimaliza sahani. Akaomba nyingine. Kisha akalala usingizi mzito, na kila dakika chache mtu alikuja mlangoni kutazama kama anapumua. Hakufa. Kesho yake Lila alichovya kidole, akaonja, akakaa anafikiri. Akaonja tena.

Ndani ya pori

Baada ya wiki moja mama alikuwa anatembea bila kushikwa. Kutan alikuwa na rafiki yake, mlinzi wa hifadhi, mtu wa miaka yangu mwenye masharubu. Kutan alimwomba atuingize kwa njia fupi, ya tambarare. Masharti yalikuwa mengi. Mama alivuliwa kitenge chake chekundu na kuvishwa shuka la kijivu la Sindu, kwa sababu rangi kali inawashtua wanyama. Hakuelewa.

"Tunaenda kuwaona ao tunaenda kuwaiba?"

Pori lenyewe linachanganya. Unaingia unaona miti ya msaji, mirefu, majani makubwa kama sinia. Unaona mianzi inayolia upepo ukipita. Unasikia hondohondo anakata hewa kwa mabawa, sauti ileile ya kwetu, nikageuza shingo kama niko Wamaza. Halafu juu ya mti anatokea kindi mwenye ukubwa wa paka, mgongo mweusi, tumbo la rangi ya maziwa, mkia mrefu kuliko mwili. Unajiuliza ni mti gani ulimzaa huyu. Tuliona tumbili weusi wenye manyoya ya dhahabu kichwani, wamekaa kama wazee wa baraza. Tuliona swala wenye madoa meupe, kundi zima, wanatutazama bila kukimbia. Hilo ndilo lililomsumbua mama zaidi.

"Juu ya nini hawakimbii?"

"Hakuna mtu anawawinda, Mama."

"Hizi nyama zote ni za nani?"

"Za serikali."

"Serikali inazikula siku gani?"

Nilimfasiria mlinzi kupitia Sindu, aliyefuatana nasi. Alijibu kwamba hakuna siku. Mama alinitazama mimi, si mlinzi, kama kwamba mimi ndiye ninayemdanganya.

Mbele tulikuta nyati. Si nyati wa kwetu. Huyu alikuwa kama nyumba, mweusi anayeng'aa, na miguu yake kuanzia magotini ni myeupe kama amevaa soksi. Mlinzi alitusimamisha kwa kiganja. Nyati alitupulizia pua, akavuka njia, akaingia kwenye mianzi bila sauti. Mtu mkubwa namna ile akapotea bila sauti! Nilipopumua tena niliona damu kwenye kifundo cha mguu wangu. Ruba watatu walikuwa wananinyonya, na mimi nimesimama namwogopa nyati.

Tulipokuwa tunahangaika na ruba kwa chumvi, mama alikuwa ameona uyoga. Alikuwa ameng'oa vichwa vitatu vizuri akavificha ndani ya shuka. Mlinzi alimwona. Hakukasirika, lakini alisema kwamba humu hakitoki kitu, hata unyoya ulioanguka.

"Hata jani iliyokufa?"

Hata jani lililokufa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama alipiga magoti polepole, mkono mmoja kwenye kifua chake, akarudisha kila uyoga kwenye tundu lake na kuushindilia udongo, umesimama wima. Mlinzi alifunika mdomo, lakini masharubu yalikuwa yanacheka.

Kabla ya kutoka, mama alifurahi ghafla. Aliona kichaka chenye maua madogo ya njano na waridi, kile kinachonuka ukifikicha jani, kilichojaa kwetu kando ya njia. "Hii naijua!" Hakugusa, alikuwa amejifunza. Lakini mlinzi akasema hiki ng'oeni mnavyotaka. Alisema ni mgeni, kilitoka mbali zamani, na kinaziba chakula cha wanyama. Yeye mwenyewe alikamata shina akang'oa kutuonyesha.

Mama aliyachukua maua kutoka mkononi mwake, akayashika njia yote ya kurudi. Asubuhi akaniuliza: "Tunarudi kwetu lini?"

Nyuma ya nyumba

Siku tatu kabla ya kuondoka, jua likiwa linaelekea kushuka, nilikuwa ndani ninafunga mizigo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuma sombe ya mwisho. Nilisikia mtu anapiga debe mbali, kisha madebe mengi, kisha Kutan anapiga kelele lile neno lake moja alilotuambia siku ya kwanza. Sindu aliingia chumbani, uso umebadilika, akaniambia kwa Kiingereza, na neno hilo ninalijua: tembo.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ukuta wa mtaro ulikuwa umebomoka sehemu moja, na tembo dume amesimama kwenye migomba, kati ya nyumba na shamba la muhogo. Mama alikuwa upande wa pili, ndani ya muhogo, na kikapu chake. Alikuwa na mshono wa wiki sita kifuani. Hakuweza kukimbia hata kama angetaka.

Kutan alinishika mabega kwa nguvu. Majirani waliacha kupiga madebe, kwa kuogopa tembo atakimbilia upande wa mama. Nilisikia tu mgomba unapasuka mdomoni mwake.

Tembo aligeuka. Akamwona.

Mama aliweka kikapu chini. Akafunga vizuri shuka kiunoni, kama anavyofanya anapotaka kusalimia mtu mkubwa, akaanza kuongea. Alikuwa anaongea Kibangubangu, si kwa kelele, kwa sauti ya kawaida ya mtu na jirani yake. Nilikuwa mbali, na mimi lugha ile niliiacha utotoni. Nilishika maneno mawili matatu: mto, watu, mbali. Masikio ya tembo yalikuwa yanapepea. Mama alisema, akanyamaza kama anayengoja jibu, akasema tena. Mwishowe alinyoosha mkono akamwonyesha pori.

Sijui ilichukua muda gani. Tembo alivuta mgomba mzima, akaubeba, akageuka, akapita pale mtaro ulipobomoka. Tulisikia matawi, kisha hakuna.

Nilipomfikia mama nilikuwa nalia na kumgombeza kwa pamoja. Yeye uso wake ulikuwa na furaha. Lila alimpapasa mwili wote kama anayetafuta kilichovunjika.

"Mama, ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimuuliza kama ni wao."

"Wao nani?"

Ndipo aliponieleza. Alipokuwa msichana, bonde la mto Luama lilikuwa na tembo, na shamba likilimwa karibu na maji lazima liwe na mlinzi. Kisha bunduki zilikuja, moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka. Siku moja watu wakagundua kwamba hawajaona kinyesi cha tembo tangu mvua mbili. Wazee walisema hawajaisha, wamehama, wamekwenda mbali kusikojulikana. Na watu wetu wenyewe pia walikimbia bunduki hizohizo, mama akiwemo, wakalala porini, wengine wakavuka ziwa. Wengine walirudi.

"Mama," nilisema, "hawa ni wengine. Angalia masikio yao, ni madogo. Tembo ya kwetu hawezi kuvuka bahari."

"Na mimi? Mimi sikuvuka?"

"Ulipanda ndege."

"Masikio inapungua juu ya taabu," alisema. "Hata wewe uliona mimi nilivyopungua."

Sindu alikuwa anangoja nimfasirie. Nilimfanyia ishara angoje. Nikamwuliza mama jambo moja tu: "Na mwisho, ulipomwonyesha pori, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asirudi kwetu bado," alisema mama. "Huku wanapiga debe tu."

Kabambare tena

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama kawaida ya kurudi. Tulifika Kabambare mchana, na mama alishuka kwenye pikipiki mwenyewe, akatembea hadi mlangoni bila kukaa. Watu walipiga vigelegele. Jioni uwanja ulijaa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza moyo, mashine na mshono, na mtu mmoja aliuliza swali moja la moyo, kwa adabu. Kisha mama akasema: "Tembo niliwaona."

Wenye viti walivisogeza karibu.

Kulikuwa na bibi mmoja, jirani yetu, mjane wa mtu aliyekuwa mwindaji hodari. Aliacha mkeka wake akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya mama.

"Uliwaona kwa macho?"

"Kwa macho. Mmoja nilisema naye."

"Wako wangapi?"

"Mimi niliona mmoja. Lakini walinzi wanasema kule wako wengi, na watoto wao."

Bibi alitikisa kichwa kwa mtindo wa kwetu, juu na chini. "Wanakula nini?"

"Migomba ya watu."

"Na watu wanawafanya nini?"

"Wanawapigia madebe. Basi."

Watu walianza kunong'ona. Mzee mmoja alinigeukia. Wanajua mimi nilisoma, na mimi ndiye niliyeshika simu yenye picha. "Zaina, ni kweli? Ni wale wetu?"

Nilikuwa na jibu. Masikio, bahari, yote niliyomwambia mama siku ile. Nilimtazama mama, hakunisaidia, alikuwa anamenya karanga. Nilimtazama yule bibi. Alikuwa ameshika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, na macho yamejaa machozi, yeye mke wa mtu aliyeua sijui tembo wangapi. Alikuwa hanisikilizi mimi hata kidogo.

"Na wale tembo, walikuuliza habari yetu?" bibi alimwuliza mama.